Ukungu wa Julai na Koti la Jenerali

Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Ukungu umeondoka, baridi imebaki.

Shajara, leo sikuenda kanisani. Nilimwambia mama kwa simu kwamba nina mafua, akaniambia nichemshe tangawizi, nikasema sawa. Sina mafua. Nina furaha mbaya, ile ambayo mtu hawezi kukaa nayo kwenye benchi huku mchungaji akisoma habari za kusamehe.

Jana nilimlipiza Mureithi.

Nimeandika hiyo sentensi, nikaiangalia, na bado naipenda. Niliingoja tangu Januari ya mwaka jana. Nililala nayo, nikaamka nayo, nikauza chakula cha kuku nikiwa nayo mfukoni. Watu husema kisasi hakijengi. Huenda. Lakini kuna siku mtu hataki kujenga.

Kwa wale wachache mnaopita kwenye shajara hii ya mtandaoni bila kunijua: mimi ni Nyambura, nauza dawa za mifugo, chakula na vifaranga katika duka moja la agrovet hapa Nyeri mjini. Jioni na wikendi napaka rangi askari. Si askari wa kweli. Ni hawa wa plastiki, urefu wa kidole gumba, ambao watu hupanga mezani na kuchezea vita kwa dadu na futikamba. Mama huwaita wanasesere. Kaka yangu Ndirangu, ambaye ni mchoraji wa mabango kule Gatitu, huwaita wale wadudu wako. Mimi huwaita askari, na mtu asinicheke.

Tuko na kikundi, Meza ya Mlima, watu wa miji hii inayouzunguka mlima. Mara moja kwa mwaka tunafanya shindano la kupaka rangi. Kila mtu analeta kikosi alichokipaka mwenyewe, vikosi vinasimama kwenye meza moja ndefu, tunapiga kura, halafu tunapigana vita hadi jioni. Mshindi hapati kitu. Anapata jina tu, na nyinyi mnajua jina linavyoweza kumfanya mtu mzima akose usingizi.

Mureithi ndiye aliyeanzisha kikundi. Ni fundi wa simu Nanyuki, mkono wake hautetemeki, jicho lake linaona skrubu ambayo sisi wengine tungeifagia. Sote tunamwita Jenerali, yeye anaitika. Ndiye pia aliyetunga sheria kuu ya shindano, ile tunayoiita mkono mmoja. Askari akiguswa na mkono wa pili, hata kwa tone la rangi, ametoka; akiwa kamanda, ametoka na kikosi chake.

Sasa nieleze alichonifanyia.

Mwaka jana nilimleta bibi mmoja mzee. Alikuwa kwenye kisanduku cha wanavijiji wanaobeba silaha, na hakuna aliyemtaka kwa sababu hakuwa na upanga wala bunduki, ana fimbo na kikapu mgongoni. Mimi nilimgeuzia kikapu kikawa kiondo, ule mfuko wa kusukwa wa mama zetu. Nilichora msuko wa kiondo mstari kwa mstari, kwa brashi niliyoipunguza nywele hadi zikabaki chache mno. Mkono huo nimeupata kazini. Ukishazoea kudondosha chanjo kwenye jicho la kifaranga cha siku moja, tone moja, bila kumuumiza na bila kumwaga, msuko wa kiondo haukutishi.

Jenerali alimnyanyua bibi yangu mbele ya watu wote. Akamgeuza hivi, akamgeuza vile. Akamsogeza karibu na jicho. Halafu akasema, bila hata kuniangalia, "Huyu amesaidiwa."

Watu wakacheka, kwa sababu wote wanajua kaka yangu ni mchoraji. Hakuna aliyeniuliza. Ndirangu hajawahi kuchora kitu kidogo kuliko ng'ombe wa bucha! Jenerali akamtoa bibi mezani, akamweka dirishani kando ya kopo la misumari, shindano likaendelea. Nilisimama pale nikitabasamu kama mjinga. Nilitabasamu mpaka nikafika nyumbani, halafu nikalia hadi Ndirangu akatishia kwenda Nanyuki.

Nilimwambia asiende. Nilimwambia nitakwenda mwenyewe, kwa njia yangu.

Baada ya wiki moja kila mtu alikuwa amesahau. Jenerali mwenyewe alinitumia picha ya brashi mpya akiuliza kama nimeiona. Anayepiga husahau, anayepigwa ndiye hubaki na alama. Nikamjibu kwamba ni brashi nzuri.

Njia yangu ilinijia mama alipoangusha chupa ya siagi ya karanga. Siwezi kueleza vizuri, ila nilikuwa Mweiga kwake, nikitazama unga mweupe aliounyunyiza juu ya mafuta yale sakafuni, nikakumbuka kikosi changu cha kwanza kilivyoharibika palepale kwa mama, nje ya jikoni, asubuhi moja ya Julai.

Ni hivi. Ukimaliza kupaka askari rangi, unampulizia vanishi ili vidole vya wachezaji visimchubue. Ile ya kopo, inayofifisha mng'ao, ndiyo inayopendwa, kwa sababu humfanya askari aonekane mtu na si peremende. Lakini vanishi hiyo haitaki unyevu. Hewa ikiwa na ukungu, vanishi hukamata ule unyevu hewani, ikaganda nao, na askari wako anageuka mweupe kama aliyetumbukia kwenye unga wa ugali. Kazi ya mwezi mzima inapotea kabla hujaweka kopo chini. Sisi wa upande huu, wa Mweiga na Nyeri na Kangema, tunajifunza mapema, kwa machozi. Watu wa Nanyuki hawajui. Kwao hewa ni kavu, mlima umewakinga, hata Julai jua linapata nafasi.

Na Jenerali ana desturi yake. Kabla ya kura, yeye huwapanga askari wa kila mtu kwenye ubao mrefu nje, anavaa barakoa, anatikisa kopo lake lililotoka ng'ambo, anatembea polepole akipuliza kushoto na kulia. Anaita kubariki jeshi, na hicho tu hakihesabiwi kuwa mkono wa pili. Watu humpiga picha. Miaka yote shindano limekuwa Januari, jua kali, baraka zinakauka vizuri.

Mwaka huu nilijitolea kuandaa mimi.

Niliandika kwenye kikundi kwamba Januari watu wana mambo mengi ya shule, tusogeze hadi Julai. Jenerali ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali. Akaniandikia asante kwa kujitolea, ati kikundi kinahitaji watu kama mimi. Nilisoma ujumbe huo nikiwa napima dawa ya minyoo ya ng'ombe, na mteja akaniuliza ninacheka nini.

Sikukaa bure miezi hiyo, usidhani. Niliandaa kwa moyo wote. Niliomba nafasi kwa Hetal, palepale tulipokuwa mwaka jana, ambaye familia ya mume wake ina duka la vifaa vya ujenzi mjini, na nyuma yake kuna ghala na ua mzuri. Hetal naye hupaka, simbamarara na wapanda farasi, na ni mtu wa maneno machache na macho mengi. Nilitafuta meza, nikashona kitambaa cha meza, nikawakumbusha watu kila wiki wasiache kupaka hadi siku ya mwisho. Niliwafundisha wapya kuosha plastiki kwa sabuni kabla ya rangi ya kwanza. Mtu angeniona angesema huyu dada anakipenda kikundi. Nakipenda. Hilo ndilo linalonisumbua leo.

Wiki yenyewe ilipofika jua likawaka. Jumatano jua, Alhamisi jua. Shajara, nimewahi kuomba mvua kwa ajili ya mahindi ya mama, lakini sijawahi kumwomba Mungu ukungu. Niliomba. Niliomba nikiwa nimepiga magoti kabisa.

Jumamosi nilifungua mlango na sikuona nyumba ya jirani.

Watu walikuja wamejikunja ndani ya makoti. Mutuma alitoka mbali, upande wa Chuka, anakolima kahawa, amebeba kikosi chake ndani ya sufuria iliyojazwa pamba. Yeye ni mzee wa kanisa, ameanza kupaka mwaka huu tu, kwa miwani ya kusomea. Aliwapaka askari wake wote sare ya kwaya yao, nyekundu iliyoiva na kola nyeupe, na kila mmoja alikuwa na uso wake. Aliniambia jina la kila mmoja. Wa nyuma kabisa, mwenye tumbo, alikuwa mpiga besi.

Niliweka wangu mezani, ndani ya ghala. Wapya wote, na katikati yao nikamsimamisha bibi wa kiondo. Nilitaka arudi kwenye meza ileile aliyotolewa. Wangu nilikuwa nimewamaliza nyumbani, vanishi ya brashi, kando ya jiko. Jenerali alipopita akikusanya askari wa kubariki, nilimwambia wangu wako tayari. Hakuuliza.

Yeye mwenyewe alikuja na kikosi ambacho kiliwafanya watu wakizunguke. Mbele yao alisimama jenerali mzee aliyevaa koti refu la kijivu, amechoka, uso wa mtu aliyeshinda vita na hakumbuki kwa nini. Nikajiambia amekinunua kikiwa tayari kimepakwa. Nilitaka sana iwe hivyo.

Wote wakapangwa kwenye ubao uani. Ukungu ulikuwa unaingia kupitia geti kama mtu wa nyumbani. Jenerali akavaa barakoa, akatikisa kopo. Halafu akasimama. Akatazama juu, akaivuta barakoa chini, akanigeukia.

"Nyambura, wewe ni mtu wa hapa. Hii hewa iko sawa?"

Nilikuwa nimejiandaa kunyamaza. Sikuwa nimejiandaa kuulizwa. Mutuma alikuwa kando yangu akifuta miwani. Kulikuwa na nafasi, kama ya kumeza mate, ambapo ningeweza kusema ngoja tuwaingize ndani.

"Hapa kwetu ni hivi tu kila siku, Jenerali," nikasema.

Na ni kweli. Julai ni hivyo kila siku. Sikusema neno moja la uongo, na sijawahi kudanganya vile maishani mwangu.

Akapuliza. Kushoto, kulia, polepole, watu wakipiga picha. Alipofika mwisho wa ubao, walioanza walikuwa tayari wanabadilika. Ilianza kwenye kofia na mabega, kama vumbi, halafu ikashuka. Wekundu wa kwaya ukafifia ukawa pinki ya mgonjwa, kisha weupe. Simbamarara wa Hetal wakapoteza michirizi. Jenerali mzee mwenye koti akawa kama amesimama kwenye theluji.

Jenerali aliendelea kushika kopo, akilitazama kama ndilo lililomsaliti. Aligusa askari mmoja kwa kidole. Akaanza kusema labda litakauka, labda tungoje, na sauti yake ilikuwa ndogo. Nikaona masikio yake yamekuwa mekundu.

Tamu! Nitaandika ukweli kwa sababu hapa ndipo ninapoandika ukweli. Ilikuwa tamu kuliko nilivyofikiri. Nilisimama kwenye ua ule nikawa na joto mwili mzima.

Halafu Mutuma akavua kofia yake, vile watu hufanya mazishini. Akauliza kwa upole, "Madam, hawa wangu wamekufa?"

Basi utamu ukapungua. Haukuisha, ulipungua. Nilikuwa nimelifikiria hilo jambo la watu wengine, usidhani sikufikiria. Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na chupa ya vanishi nyingine, ile ya kung'aa, ya kupaka kwa brashi. Ukimweka askari aliyeharibika kwenye joto akakauka vizuri, kisha ukampaka hiyo kidogo kidogo, ule weupe hulowa na kupotea, rangi ikarudi. Nilijifunza baada ya machozi ya Mweiga. Nilikuja na dawa kwa ajili ya wote. Wote isipokuwa mmoja.

Nikawaambia wawalete ndani, waache mlango wazi, tuwashe jiko. Nilimfundisha Mutuma kwanza. Nilimpa brashi, nikamwonyesha juu ya kipande cha kadibodi jinsi ya kugusa na kuvuta, nikamwambia afanye mwenyewe ili asivunje sheria ya mkono mmoja. Alifanya. Kola ya mpiga besi ikarudi nyeupe, lakini nyeupe yake mwenyewe, na sare ikawa nyekundu. Mzee yule alicheka hadi miwani ikamteleza. Wengine wakapanga foleni, kila mtu akitibu wake, nami nikipita nyuma yao nikisema punguza, vuta chini, mwache apumue. Chumba kizima kikinisikiliza. Kwa mara ya kwanza katika kikundi kile mikono yangu ilikuwa inaaminiwa.

Jenerali alisimama mwisho wa foleni.

Alipofika kwangu watu walikuwa wamemaliza na wanatazama. Alikuwa na yule mzee wa koti peke yake kwenye kiganja. Dawa haikuwa yake, lakini mbele ya macho yote yale nilimnyooshea brashi kama nilivyowanyooshea wengine, nikifikiri ataichukua na nitaifurahia tu aibu ya kufundishwa. Hakuichukua. Mkono wake, ule wa kufungua simu, ulikuwa unatetemeka.

"Nyambura, nisaidie," akasema.

Sikuwa nimepanga hilo. Hata katika usiku wangu mbaya kabisa sikuwahi kuthubutu kulipanga. Alilitamka neno lilelile, kwenye meza ileile.

"Nikikusaidia, Jenerali, utakuwa umesaidiwa."

Yeye akaelewa. Niliona akielewa, na nikaona akikumbuka. Alimtazama bibi wa kiondo pale katikati ya meza, akamtazama mzee wake kiganjani.

"Najua," akasema. "Fanya tu."

Nikafanya. Ningeweza kumwachia mstari mweupe mgongoni, hakuna ambaye angejua. Nilikaa chini ya taa, nikampaka kuanzia kofia. Na ule weupe ulipoondoka kwenye koti nikaona kitu. Ndani ya koti, upande wa bitana, mahali ambapo huoni mpaka umgeuze askari kichwa chini, palikuwa na kiraka. Kiraka kidogo cha rangi iliyopauka, na pembeni mwake mishono, mmoja mmoja, mwingine umekosewa kidogo, kama vile mtu mwenyewe alijishonea akiwa kambini bila mwanga. Hakuna anayemlipa mtu kushona kiraka ambacho hakionekani. Hicho hufanywa na anayempenda askari wake.

Hakununua. Ilikuwa kazi yake, na ilikuwa nzuri kuliko yangu yote pale mezani. Kuliko bibi wangu pia, na haya maneno yananichoma vidole nikiyaandika.

Nikamaliza, nikamsimamisha. Halafu nikasema kwa sauti ya mwandalizi kwamba kwa sheria ya mkono mmoja, kikosi cha Jenerali kimetoka. Nikamnyanyua yule mzee, nikamweka dirishani. Lile kopo la misumari bado liko pale, shajara. Nikamweka kando yake.

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimehesabu kwamba watacheka.

Mutuma ndiye aliyeshinda, na kwaya yake. Alipiga simu nyumbani palepale akawaeleza kwa Kimeru, akawa anarudia jambo moja tena na tena, nadhani alikuwa akitaja majina ya waimbaji. Bibi wa kiondo alipata kura chache. Watu walikuwa wameshughulika na ukungu na jiko, wengi hata hawakumkumbuka ni yupi. Nilimrudisha mezani, na hakuna aliyeona kwamba amerudi.

Nadanganya. Mmoja aliona. Jenerali alipokuwa anaondoka alipita kwa meza yangu, akamnyanyua, akautazama msuko wa kiondo kwa muda, akamrudisha taratibu palepale alipokuwa. Akamchukua mzee wake dirishani, akaaga watu, akaenda.

Tulibaki mimi na Hetal tukikunja kitambaa cha meza. Alikuwa ameosha vikombe, amepanga makopo. Halafu akaishika ile chupa yangu, akaizungusha mkononi.

"Mtu hubeba dawa kabla ya ugonjwa?" akaniuliza.

Nikasema mimi hupenda kujiandaa. Akasema sawa. Akanirudishia chupa, akafunga ghala, akaniambia nivuke barabara vizuri, ukungu ni mwingi. Hakuniita dada kama anavyoniita siku zote.

Usiseme nimejuta. Sijajuta, au sijajuta vile inavyotakiwa. Ninachojutia ni Mutuma kuvua kofia. Ninachojutia ni kwamba nilikuwa nimetunza nafasi ya chuki kwa mdanganyifu anayenunua kazi za wengine, na aliyekuja kuikalia ni mtu anayeshona viraka ndani ya koti. Lakini jambo la bibi yangu? Alilifanya. Kushona kiraka hakufuti hilo. Wahenga walisema mtenda akitendewa hudhani kaonewa, na asubuhi nzima nilikuwa nikingoja Jenerali adhani kaonewa ili nimcheke.

Ujumbe wake uliingia nikiwa navuna sukuma wiki.

Haukuwa na salamu. "Ulijua hiyo ukungu itawaharibu?"

Niliingia ndani. Nilikaa kitandani na simu, mikono imejaa udongo. Niliandika hapana, nikafuta. Niliandika jibu refu lenye heshima, nikafuta. Mwishowe nikamwandikia, "Nilijua. Na wewe mwaka jana, ulijua ni mkono wangu?"

Ikaonekana amesoma. Ikaonekana anaandika, halafu haandiki, halafu anaandika. Nilichemsha ile tangawizi niliyomdanganyia mama, nikainywa yote. Sukuma zikanyauka mlangoni.

Halafu akajibu.

"Nilijua. Ndio maana."

Ndiyo maana.

Aliona msuko ule Januari ya mwaka jana, akajua ni wangu, na akaogopa. Mimi, muuza vifaranga. Jenerali wa Nanyuki alimwona bibi yangu akaogopa, na dawa aliyoipata haraka ilikuwa maneno mawili mbele ya watu. Hiki ndicho nilichotaka kusikia tangu siku ile. Si pole, wala sikuhitaji kikosi chake kitoke. Nilitaka mtu aseme kwamba alijua, na sasa amesema, na kwa maandishi.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutaka kupiga picha ule ujumbe niutume kwenye kikundi. Kidole kilikuwa tayari. Ndipo nikaona alivyojibu. Hakuandika chini tu kama watu wanavyoandika. Aliushika ujumbe wangu na kujibu juu yake, kwa hiyo maneno yake yamebeba yangu mgongoni. "Nilijua" yake imekaa chini ya "nilijua" yangu. Siwezi kuonyesha moja bila nyingine, na nikiikata watu wataona imekatwa. Fundi wa simu huyo. Alijua pia hilo.

Nilicheka peke yangu kitandani, na sikuwa nimecheka hivyo na mtu wa kikundi kwa muda mrefu.

Nimekaa na jambo hili tangu wakati huo. Ningeweza kunyamaza, yeye anyamaze, Hetal anyamaze, na tuendelee kutumiana picha za brashi. Lakini bibi wangu atabaki aliyesaidiwa. Kwa hiyo nimeamua, na nikishabonyeza hapa chini hakuna kurudi. Picha ya ujumbe naiweka mwisho wa ukurasa huu, nzima, yake na yangu. Mutuma, ukisoma, wanakwaya wako niliwatia kwenye unga nikijua, na utaniambia mwenyewe la kufanya. Hetal, uliona.

Na wewe Jenerali, najua unapita hapa. Shindano narudisha Januari. Njoo na mzee wa koti. Nitakuja na kitu ambacho hujawahi kukiona, na safari hii nataka nikushinde jua likiwaka.